Hakufia Sitahani

Siku hizi nikisikia harufu ya rangi mbichi natema mate. Sifanyi makusudi. Mdomo unajaa maji kama wa mtu aliyeuma kitu kilichooza, inabidi nigeuke pembeni. Juzijuzi walikuwa wanapaka rangi milango ya maduka pale mtaa wa Ramadhani, hapa mjini, nikavuka barabara nikapita upande wa matope. Fundi mmoja akaniita, "Mzee, huku ndiko kukavu!" Nikampungia mkono tu nikaendelea.

Mdogo wangu alifia ndani ya tangi la meli akiwa na brashi ya rangi. Naliandika hilo mapema ili anayesoma asikae akisubiri.

Watu wa hapa Njombe ukiwatajia meli wanacheka. Sisi ni watu wa viazi, mbao na maparachichi. Lakini ukishuka kupitia Ludewa, ukaimaliza milima yote ile, chini kuna ziwa, ziwani kuna meli, na meli zinataka mikono. Mimi ndiye niliyetangulia. Niliishia darasa la saba, nikapata kibarua gatini cha kusafisha matangi, na baadaye mdogo wangu akanifuata. Kifua kiliponisumbua nikarudi kijijini kwetu Uwemba kulima. Yeye akabaki.

Tangi ninalolisema halina mafuta. Chini kabisa ya meli, chini ya pale inapokaa mizigo, kuna vyumba vya chuma vinavyojazwa maji meli ikiwa tupu ili isiyumbe. Havina dirisha. Unaingia kwa tundu ambalo mtu mnene hapiti, na ndani unatambaa, kwa sababu kila ukisogea kidogo unakutana na ubavu wa chuma unaokatiza. Kuna tope jeusi linalonuka mayai viza. Kuna samaki wadogo waliovutwa na pampu wakafia humo wakayeyuka. Mende wanakutembelea shingoni, na matone yanayokuangukia mdomoni yana ladha ya msumari. Nilikuwa nikitoka humo naoga kwa sabuni ya kufulia, na bado mke wangu ananitengea chakula halafu anakwenda kukaa mlangoni.

Ubaya mwingine hauna harufu. Kutu hula hewa. Tangi likifungwa muda mrefu, chuma kinavyoliwa na kutu kinaimaliza hewa nzuri yote, na mtu anayeingia hajui mpaka miguu inapomlegea. Ndiyo maana kuna feni kubwa yenye bomba la turubai, inayosukuma hewa humo kabla mtu hajashuka na muda wote anapokuwa ndani.

Mwaka jana walitangaziwa kwamba wakaguzi wanakuja, na pamoja nao mgeni rasmi. Kila mtu nchini hapa anajua mgeni rasmi akija tunafanya nini. Shule inapaka mawe chokaa. Ofisi inapaka miti mpaka kiunoni. Kule gatini msimamizi akasema wageni wasikute kutu, basi matangi yapakwe rangi nyeupe, juu ya kutu hivyohivyo, maana kukwangua kungechelewesha. Mdogo wangu akashushwa tangi la tatu. Feni ilikuwepo na ilikuwa inafanya kazi. Halafu wageni wakafika, kule ziwani kuna joto, mtu akaona hema la wageni halina hewa, wakaichomoa feni wakaipeleka kwenye hema.

Hotuba zikatolewa. Watu wakala. Mdogo wangu alikumbukwa baada ya vyombo kuondolewa. Walimkuta amekaa, mgongo kwenye ubavu wa meli, na upande wote aliokwisha kuupaka unang'aa. Sehemu iliyobaki aliimalizia mtu mwingine tulipokuwa bado tumekaa matanga.

Tulimzika Uwemba. Nilichimba pamoja na vijana ingawa waliniambia niache.

Mke wake ni Mpangwa wa upande wa Ludewa, mwanamke wa maneno machache yanayouma. Alikuwa amepanga chumba Ramadhani. Miezi kadhaa baada ya mazishi kampuni ikampigia simu. Walisema wanataka kumfuta machozi, watampa kazi ya kupika kwenye meli ileile. Ukoo wote ulifurahi. Kwetu mwajiri akimchukua mke au mtoto wa marehemu anahesabika ana utu, na shemeji alikuwa ameshauza cherehani. Wakasema pia kuna kikao cha kupanga ukaguzi ujao wa meli, kitafanyika Makambako kwa kuwa ni njia panda na kila mtu anafika kwa urahisi. Familia itume mwakilishi.

"Mlamu, nenda wewe," shemeji akaniambia. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. "Umeyajua matangi hayo. Wasikilize, kisha uje uniambie neno moja tu. Nipande au nisipande."

"Na ukoo?"

"Ukoo hautapanda."

Nikaenda. Ukumbi ulikuwa wa hoteli karibu na barabara kuu, malori yakipiga honi nje, ndani viti vimevishwa vitambaa vyeupe kama vya harusi. Meneja alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye koti la baridi ambalo hakulivua. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Baba mkubwa, pole sana, kampuni imepoteza jembe." Tukasimama kimya kumkumbuka marehemu. Nilisikia mtu nyuma yangu akimalizia kutafuna.

Baada ya hapo mpango ukaelezwa, na nitasema kweli, mwanzoni niliuona wa akili. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye nywele fupi aliyetoka Dar es Salaam, alisema meli kubwa ina maelfu ya mahali pa kutazama, na ukitaka kuyaangalia yote kila mwaka meli itakaa gatini mpaka ioze. Kwa hiyo unachagua. Pale palipo pabaya unakwenda kila mwaka, unagonga kwa nyundo, unapima unene wa chuma. Pale palipo pa wastani unakwenda mara chache. Palipo pazuri unapaacha miaka. Alisema gharama kubwa haimo kwenye kutazama, imo kwenye kufungua: kutoa maji, kuzoa tope, kupuliza hewa, kuweka taa na mtu wa kulinda mlangoni. Sikuona kosa. Hata mimi nikinunua gunia la mahindi sikagui punje zote, naingiza mkono pale ninapodhani pamepata unyevu.

Kisha wakaulizana wanajuaje pabaya na pazuri. Wanajua kwa rangi. Rangi ikiwa nzima tangi ni zuri. Rangi ikiwa imebanduka tangi ni baya.

Meneja akabonyeza kitufe, ukutani ikatokea orodha ya matangi. La kwanza wastani, la pili wastani, la nne baya. La tatu zuri sana. Halitafunguliwa miaka mitano.

"Hapa tumeokoa fedha nyingi," meneja akasema, na watu wakapiga makofi.

Kile kilichomuua ndicho kilicholipatia tangi alama nzuri. Meneja akaendelea kubonyeza, zikaja picha za sherehe ya mwaka jana, ili tuone, alisema, ushirikiano mzuri na serikali. Mgeni rasmi alikuwa amesimama kwenye kipaza sauti, tai yake imerushwa begani na upepo. Nyuma yake ilisimama feni ya njano, bomba lake la turubai limekunjwa chini kama utumbo wa ng'ombe machinjioni. Nilikuwa naijua feni ile. Niliibeba miaka mingi. Sidhani kama kuna mwingine aliyeiona.

Ndipo meneja akanigeukia, uso umejaa wema. "Bahati nzuri tuna mzee wetu hapa, ameyafanyia kazi matangi haya, na mwezi ule wa msiba alipokwenda kuchukua vitu vya marehemu aliomba kuchungulia kabla tangi halijafungwa. Mzee, waambie. Rangi ya tangi la tatu ikoje?"

Wote wakanitazama. Ningeweza kusema imebanduka, na labda lingefunguliwa. Lakini haikubanduka.

"Rangi ni nzuri," nikasema.

"Mnaona!"

"Chini yake sijui kukoje. Alipaka juu ya kutu."

"Sasa mzee, chini ya rangi nani anajua?" Watu wakacheka, hata kijana aliyekuwa anagawa maji. "Hata chini ya koti langu hapa, anajua mama watoto peke yake." Wakacheka zaidi.

Mkaguzi hakucheka. Aliniuliza, "Kutu ilikuwa ya namna gani, ya vumbi au ya magamba?"

"Miaka yangu ilikuwa ya magamba."

Aliandika kitu. Meneja akamwambia, "Mama, ukilifungua hilo bajeti yote inalala. Vigezo vyenyewe vinasema rangi." Akasema kweli, vigezo vilisema rangi. Mkaguzi akafunga daftari lake, na tukaitwa kwenye chakula. Kulikuwa na kuku, nyama, samaki wa kukaanga wenye macho meupe. Nikayatazama yale macho, nikatoka nje nikakaa kwenye tofali mpaka watu wakamaliza.

Nilimkuta shemeji chumbani kwake Ramadhani akipiga pasi sare za watu. Nilimweleza yote, picha na makofi. Alisikiliza pasi ikiwa hewani.

"Neno moja nilikuomba," akasema.

"Usipande."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna anayejua, na hawataki kujua."

Aliirudisha pasi kwenye kola, akaibana mpaka mvuke ukatoka. "Nisipopanda mimi wapo watakaopanda. Yule baharia anayelala chumba cha juu ya tangi ana watoto." Akakunja shati. "Ngoja."

Akachukua simu, akampigia meneja, akaweka sauti nje ili nami nisikie.

"Shikamoo baba. Ni mimi, mjane."

"Marahaba mama! Umejiandaa? Sare yako iko tayari."

"Nimejiandaa. Kuna jambo dogo. Sisi kwetu mtu akifa ghafla tunakwenda kusali pale alipofia. Hatujasali. Siwezi kuwapikia watu mahali ambapo mume wangu hajaombewa."

"Ah, hilo halina shida kabisa mama! Njoo na katekista, tutaweka viti pale sitahani, juu ya meli, hata maji tutatoa."

"Hakufia sitahani."

Nilisikia meneja akivuta pumzi.

"Mama, tangi lile limefungwa. Kulifungua ni kazi kubwa. Kuna feni, kuna taa..."

"Wakati wa kulipaka mlivipata."

"Siyo kwamba..."

"Baba, mimi sijasema neno baya kwa mtu yeyote tangu nizike. Nataka kusali. Kama sala imekataliwa, niambie ili nikawaeleze nyumbani, na mabaharia wenu nitawaambia mwenyewe, maana wananipigia. Wanasema wanasikia mtu anabisha usiku."

Hilo la kubisha lilikuwa kweli. Maji yakibaki kidogo tangini hupiga kuta, nililisikia miaka yote, lakini sasa wao walilisikia kwa namna nyingine, na wawili walikuwa wamegoma kulala chumba cha juu yake. Meneja hakuwa na pa kutokea. Mkaguzi angeweza kukataliwa tangi kwa vigezo. Mjane hangeweza kukataliwa sala.

"Ulikuwa unataka kusali kweli, au ulikuwa unawatega?" nilimuuliza alipokata simu.

"Nataka kusali," akasema. "Na nataka wafungue. Mungu atachagua kimojawapo achukizwe nacho."

Tulishuka ziwani sisi watatu, shemeji, mimi na katekista wa Uwemba, mzee mwembamba aliyetapika kwenye kona zote za Ludewa na kuomba radhi kila mara. Tulipofika gatini nilianza kutema mate kabla sijaelewa kwa nini. Walikuwa wamepaka rangi. Mawe ya njiani yalikuwa meupe, bado mabichi. Hata ukingo wa tundu la tangi, pale mtu anaposhika kwa mikono, walikuwa wameupaka kwa heshima yetu. Tulikuwa wageni.

"Angalieni nguo," msimamizi akatuambia.

Shemeji akamgeukia. "Ni rangi ileile?"

"Ileile mama, tunayo nyingi."

Feni ya njano ilikuwa inanguruma, bomba limeingizwa tunduni. Iliachwa ipulize kutwa nzima na kesho yake mpaka saa nne. Mkaguzi naye alikuwepo. Alisema amekuja kuhakikisha kwamba hewa ni salama kwa ibada, na mdomo wake ulikuwa umekaza aliposema hivyo. Alivaa ovaroli, akafunga kamba kiunoni, akashuka na kipimo cha hewa, taa, na nyundo. Kwa hewa nyundo haihitajiki. Meneja aliiona akaanza kusema kitu, kisha akamwona katekista amevaa kanzu na kushika msalaba, akampisha.

Nilikaa kwenye tundu nikishika kamba. Harufu ilinipanda usoni, ileile ya miaka yote, mayai viza na samaki, na juu yake rangi, tamu, kama marashi kwenye maiti. Nikasikia nyundo. Ilipiga chuma kikalia vizuri, tii, tii. Ikasogea. Tii. Halafu ikapiga kitu kisicholia, kama mtu anayegonga kibuyu kilichooza. Akarudia palepale. Kikaanguka kitu kizito majini. Akagonga tena, kikaanguka kingine, na hapo nyundo ikakoma, hata nikaivuta kamba kumuuliza.

Alipanda akiwa ameshika gamba la kutu pana kama sinia. Upande mmoja ulikuwa mweupe, laini, umepakwa vizuri, hata alama za brashi zilionekana. Upande wa pili ulikuwa tabaka juu ya tabaka, kahawia na nyeusi, linamomonyoka likimdondokea viatuni. Akalitupa miguuni kwa meneja.

"Mbavu hazipo," akasema. "Kilichokuwa kinazishikilia ni rangi."

Kisha akamgeukia shemeji, sauti ikabadilika. "Mama, samahani. Hewa ni nzuri, lakini sitamruhusu mtu ashuke. Ningependa, ila siwezi."

"Basi tutasali hapa mdomoni," shemeji akasema. "Sauti itafika."

Katekista akasoma. Sikusikia maneno. Nilikuwa natazama lile gamba na alama za brashi. Mdogo wangu alikuwa anapaka kwa kwenda juu tu, tangu utoto, hata alipokuwa anapaka udongo kwenye nyumba ya mama. Nilizitambua. Shemeji aliinama akaligusa upande mweupe kwa vidole viwili, akavifuta kwenye kitenge.

Meli ilizuiwa siku hiyohiyo. Mabaharia wakatoa magodoro yao. Na kazi ya shemeji ikaishia hapo, maana meli isiyotembea haihitaji mpishi. Ukoo ulimsema sana. Shangazi yetu mmoja alikuja kutoka Uwemba kwa ajili hiyo tu, akamwambia mbele yangu, "Umesali mpaka umejifunga mlango." Shemeji akamjibu, "Shangazi, kunywa chai, inapoa." Sasa anapika maharage na ugali kwenye kibanda karibu na mahali wanapopakia mbao. Anaamka kwenye baridi ile ya Njombe wakati sisi bado tumejifunika. Ni maisha magumu, sitasema ni mazuri.

Baada ya muda nikaitwa tena Makambako. Kikao kilekile, ukumbi uleule, vitambaa vilevile kwenye viti. Walitaka kukabidhi rambirambi rasmi. Nilikaa nyuma nikamsikia meneja, katika koti lake, akieleza wenzake jinsi tangi la tatu lilivyogunduliwa mapema. Alisema kampuni ilibuni njia ya kufungua tangi bila kugusa bajeti ya ukaguzi, kwa kuunganisha ukaguzi na shughuli ya kijamii. Alisema mpango huo ni mfano wa matumizi mazuri ya fedha. Watu wakapiga makofi, kama walivyopiga siku ile lilipoachwa. Mkaguzi hakuwepo. Niliuliza, nikaambiwa safari hii hakualikwa.

Halafu wakaniita mbele. Nilidhani ni bahasha. Yalikuwa makopo mawili makubwa ya rangi.

"Ya kaburi," meneja akasema kwa upole. "Nyeupe. Haishiki kutu."

Nilikuwa nimeshayapokea. Mtu ukiitwa mbele ya watu mikono inanyooka yenyewe. Nikasafiri nayo mpaka Njombe yakiwa katikati ya miguu, kopo moja limevuja kidogo kwenye mfuniko, na nilitemea kwenye leso njia nzima. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu akasogea akidhani nina kifua kikuu.

Shemeji alikuwa anaosha masufuria. "Nini hivyo?"

"Rangi. Wamesema ya kaburi."

"Ileile?"

"Ileile."

Hakupiga kelele. Alikausha mikono, akayabeba yote mawili, moja kila upande, akayapeleka nyuma ya choo akayaacha hapo. Yapo mpaka leo. Watoto wa jirani huyatumia kama viti.

Jumapili tulikwenda Uwemba na mfuko wa saruji. Niliichanganya mimi, yeye akasawazisha kwa mwiko. Shangazi alikuja akasimama pembeni akasema kaburi la mwanaume haliachwi kijivu hivyo, majirani watatuona hatuna kitu, hata chokaa jamani.

"Liache, shangazi," shemeji akasema. Alikuwa amepiga magoti, anapitisha kiganja juu ya saruji mbichi akitafuta mabonde. "Likipata ufa nataka niuone."